Chumba cha Nyuma, Jumanne na Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi nusura nimkate Chiriku kidole.

Naandika saa ya chakula, nimejifungia stoo ya vitambaa, mgongo nimeegemeza kwenye marobota ya khaki. Nisipoandika, kufikia jioni nitakuwa nimeshajiambia kwamba halikutokea.

Mashine yetu ya kukatia ina kisu kinachosimama wima na kupanda na kushuka upesi hata jicho halikioni. Kinapita tabaka themanini za kitambaa bila kunung'unika. Chiriku anatandaza kitambaa na kukibana kisicheze, mimi nasukuma mashine kufuata mstari. Miaka kumi na mitano tuko meza moja, yeye anaongea, mimi nasikiliza, ndiyo maana ukumbi mzima unamwita Chiriku. Leo nilipofika kwenye kona ya kwapa mkono ukanitetemeka, mashine ikaruka, kisu kikapita upana wa ukucha tu kutoka kidole chake cha shahada.

Akauvuta mkono, akautazama, akacheka. "Wewe fundi, unataka nibaki na vidole tisa? Nitamwonyesha nani pete?"

Nikacheka na mimi. Halafu nikaenda chooni, nikapiga mafunda mawili ya kichupa nilichoficha ili mkono utulie. Ukatulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kisu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Sikugusa kitu mpaka saa nne asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu ana miaka kumi na mitano. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ananiinamia mezani, anachukua kikombe changu cha chai, anakunywa funda moja, anakirudisha. Nilidhani ni mapenzi. Leo nimemwona akikinusa kwanza.

 Akachukua mkoba wake, akaniambia, "Haya mama, baadaye."

Nilikwenda zahanati kuomba dawa ya usingizi. Wakati nasubiri zamu, nikaona karatasi ukutani, imebandikwa chini kabisa, mahali mtu anaposoma akiwa ameinamisha kichwa. *Pombe imekushinda? Hauko peke yako. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Maktaba ya zamani, chumba cha nyuma.* Nusu ya chini ilikuwa imechanwa. Sijui waliokuja kabla yangu waliondoka na nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika mpaka getini kwa maktaba. Mlinzi akaniuliza, "Unatafuta nini, mama?"

"Choo," nikasema.

Akanionyesha choo. Nikaingia, nikatoka, nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Mtu mzima nimeaibika leo, lakini nitaandika tu.

Nilimpita yule mlinzi nikiwa nimekaza uso. Maktaba ya zamani ina vyumba vya nyuma vitatu, hakuna aliyeniambia hilo. Cha kwanza kilikuwa wazi, watu kama kumi wamekaa kwa duara, mwanamke mmoja amesimama katikati. Akaniambia, "Karibu, karibu, tulikuwa tunasubiri mtu mmoja tu." Moyo ukanilainika. Nikakaa.

Akasema, "Cha kwanza, usione aibu kuita msaada." Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Cha pili, mwenzako akianguka, usimnyanyue kabla hujajua ameumia wapi." Nikaona hawa watu wana hekima. Machozi yakaanza kunilengalenga. Ndipo akatoa bandeji.

Lilikuwa darasa la huduma ya kwanza. Na kwa kuwa nilichelewa, mimi ndiye nikawa majeruhi. Wamenifunga mkono wa kushoto kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, wakauning'iniza shingoni kwa kitambaa, wakapiga makofi. Sikuthubutu kusema nimekosea chumba.

Nimefika nyumbani hivyo. Mume wangu aliacha jokofu alilokuwa anatengeneza uani, akaja mbio na bisibisi mkononi. "Umefanya nini?" Nikamwambia nimeteleza kwenye matope. Akanifungua bandeji taratibu, safu kwa safu, mpaka akakuta mkono mzima. Akautazama. Akanitazama. Kisha akaikunja bandeji vizuri, akaiweka mezani.

"Sasa hata majeraha unadanganya," akasema.

Jumatano, 12 Machi

Amekuta kichupa ndani ya debe la unga. Hakupiga kelele. Ameniambia kuanzia kesho atanipeleka kazini na kunifuata jioni. "Kama mtoto wa chekechea?" nikauliza. "Kama mke wangu," akajibu. Sina pa kupita.

Ijumaa, 14 Machi

Ilibidi nimweleze mume wangu tunakokwenda. Kanisindikiza mpaka kwenye korido, akanionyesha mlango kwa kidole, akabaki nje chini ya mwavuli.

Chumba chenyewe ni kidogo, dirisha moja, rafu tupu zilizokuwa za vitabu, viti saba vya plastiki. Mwenye kuongoza ni mama mmoja, mkunga mstaafu, ana mikono mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasukume. Kila mtu humu anamwita Mkunga. Jirani yake ni kinyozi, mtu wa mizaha, aliyesema aliacha kunywa siku aliyomnyoa mteja nyusi moja. Wengine wawili waliinamisha vichwa.

Na kwenye kiti cha pili kutoka dirishani alikaa Rula.

Rula ni msimamizi wa ukumbi wetu wa ukataji. Hilo jina tulimpa sisi, kwa sababu ananyooka kama rula na anapenda kupima kila kitu, hata mapumziko ya chai. Mwaka jana alimfukuza mpiga pasi kwa harufu ya kinywa tu. Alimsimamisha mbele yetu akamwambia apumue.

Tulitazamana.  Nilitaka kugeuka, lakini nje kulikuwa na mume wangu na mwavuli wake. Ndani Rula, nje mume. Nikakaa kwenye kimoja cha viti vilivyobaki, kilichokuwa kinatazamana naye.

Mkunga akasema sheria ni moja tu: "Unachosikia humu kinabaki humu. Hukibebi nyumbani, hukibebi kazini, hukibebi sokoni. Anayeweza akae, asiyeweza mlango uko pale."

Zamu ya Rula ilipofika, akasimama kama anavyosimama kazini, mikono mgongoni. "Nina siku mia mbili na kumi," akasema.  "Kuna mtu nilimfukuza kazi kwa sababu ya harufu. Watu walidhani imenichukiza. Mate yalikuwa yamenijaa mdomoni."

Mimi sikusema chochote. Mkunga hakunilazimisha.

Jumatatu, 17 Machi

Rula amepita mezani kwetu mara tatu. Hakuniambia nipumue. Sikumwamkia. Chiriku kaniuliza, "Mna nini nyinyi wawili? Mnakwepana kama waliokopana sukari."

Jumanne, 18 Machi

Leo nimesema. Nilidhani nitasema mengi, nikasema: "Mimi ni mkata vitambaa. Nakunywa kazini. Naogopa nitamkata mtu." Kisha nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Kinyozi akanipa taulo lake la kazini, limejaa vinywele, nikatoka nimeota ndevu. Nilicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimecheka bila kuwa na kitu kichwani.

Rula alinisubiri kwenye korido. "Kazini mimi ni msimamizi wako," akasema kwa sauti ya chini. "Humu sikujui na wewe hunijui. Sawa?"

"Sawa."

"Ukishikwa na kutetemeka, kunywa maji ya sukari. Yanasaidia." Akaondoka.

Miaka yote nimemchukulia kuwa ni ubao mtupu. Leo nimemwona mtu.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya tano.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya saba. Nimekata mashati mia nne, mstari umenyooka. Chiriku anasema nimeanza kuimba nikiwa kwenye mashine. Sikujua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua haikatiki. Geti kubwa la kiwanda limejaa maji mpaka magotini, kwa hiyo wote tunapita geti la nyuma. Geti la nyuma linatazamana na duka la dirisha dogo. Muuzaji hahitaji hata kuniuliza. Saa ya chakula nilipotoka peke yangu, aliponiona tu akainama chini ya kaunta, akaanza kufunga kichupa kwenye gazeti.

Nilimpungia mkono kuwa sitaki. Akatabasamu, akakiweka pembeni ya dirisha, mahali ninapoweza kukiona. Kesho nitapita hapo tena, na keshokutwa. Njia ni hiyo moja.

Ijumaa, 28 Machi

Sikwenda chumba cha nyuma. Nilimwambia mume wangu kikao kimeahirishwa kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekunywa saa ya chakula, humu humu stoo. Nusu kichupa. Mchana nimekata suruali, oda kubwa, tabaka themanini mara nane. Kazi imekwenda.

Jumanne, 1 Aprili

Nimerudi, nimesema ukweli: sina hata siku moja. Hakuna aliyenikemea. Mkunga akasema, "Umerudi kwa miguu yako, hukubebwa. Haya, kaa."

Halafu Rula akasimama. Leo mikono haikuwa mgongoni, alikuwa anashikilia kiti. "Tangu Jumapili iliyopita," akasema. "Mke wangu amekwenda kwa dada yake na watoto. Nakunywa nikiamka. Jana nilisaini karatasi za kazi, sikumbuki hata moja. Nilikuwa natia saini ili kalamu iwe inatembea."

Nilimwonea huruma. Sikufikiria hata kidogo kwamba moja ya karatasi hizo ilikuwa juu ya meza yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Suruali zimefika kwa washonaji na wamezirudisha. Jozi mia sita na arobaini, zote zimekatwa saizi ya wadogo, oda ilikuwa ya wakubwa. Kitambaa hakirudi nyuma. Kilichokatwa kidogo hakiwi kikubwa.

Niandike jinsi inavyokwenda, maana kila kitu kimekaa hapo. Kila oda ina karatasi ya mchoro inayotandazwa juu ya kitambaa, na ina namba. Msimamizi anailinganisha na hati ya oda, anatia saini. Anayetandaza anaipokea na kuilaza. Anayekata anailinganisha tena kabla ya kuwasha mashine. Hilo la mwisho limeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya kichwa changu.

Rula alitoa karatasi isiyo yenyewe akaisaini. Mimi sikuitazama. Kati yetu alikuwapo Chiriku, ambaye alipewa karatasi yenye saini akailaza, kama alivyofanya miaka kumi na mitano.

Meneja aliposhuka ukumbini, Rula alikuwa amenyooka. "Nilitoa karatasi sahihi," akasema. "Mtandazaji atakuwa amebadilisha kwenye rafu. Mdomo wake unafanya kazi kuliko macho yake."

Chiriku alifungua mdomo. Mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu.

Amesimamishwa mpaka kikao cha nidhamu, tarehe kumi na nne. Alipokuwa anakunja aproni yake aliniangalia, anangoja niseme. Niliinama kuokota chaki ambayo haikuwa imeanguka.

Ijumaa, 4 Aprili

Rula amekuja, amekaa, hakusema. Alitazama sakafu saa nzima. Mimi nilimtazama yeye. Najua alichokisema humu siku ya Jumanne, watu sita wanakijua, na kiwanda kizima hakijui.

Jumamosi, 5 Aprili

Nikimtaja Rula, nimevunja kile chumba. Mpiga pasi aliyefukuzwa angekuwa amekaa pale naye angeogopa kufungua mdomo, na Kinyozi, na mimi. Nisipomtaja, Chiriku anakwenda. Analea wajukuu wawili.

Nimeandika sentensi hizo mbili mara nne kwenye karatasi nyingine. Hazisogei.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilimvizia Rula kwenye ngazi. Ananukia karafuu, wote tunajua karafuu ni ya nini.

"Sema wewe mwenyewe," nikamwambia. "Kabla ya kikao. Sema ulikosea tu, huna haja ya kusema kwa nini."

Hakunitazama. "Wakiuliza kwa nini?"

"Chiriku hajafanya kitu."

"Najua." Kisha akakaza shingo. "Na wewe ulikuwa kwenye hali gani siku ile? Unadhani sikukunusa? Ukinitaja nakutaja. Tutazama wote na yeye hatarudi vilevile."

Akapanda ngazi. Nikabaki nimeshika chuma cha ngazi, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia unachofikiri.

Jumanne, 8 Aprili

Nilimwomba Mkunga dakika moja baada ya kikao. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka: kuna mtu, amesema kitu humu, na huko nje mtu mwingine anaumia kwa sababu kitu hicho hakijulikani. Alikuwa anapanga viti. Akaacha.

"Cha mwenzio si chako," akasema. "Hata kikiwa kinawaka moto."

"Kwa hiyo aumie?"

"Nimekuambia cha mwenzio. Chako kiko wapi?"

Nikamwambia simwelewi. Akasema, "Unanielewa. Ndiyo maana umepauka," akaendelea na viti.

Jumatano, 9 Aprili

Chiriku hapokei simu. Meza imekuwa kimya. Wamenipa mtandazaji mwingine, mtaratibu, haongei. Nasikia kisu tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nikisema changu: mashine sitaishika tena, huenda na kazi yenyewe. Mume wangu atajua kwamba wakati ananisubiri getini na mwavuli, mimi nilikuwa nimeshakunywa ndani. Binti yangu atajua kwamba kikombe cha asubuhi hakikumwambia lolote.

Yule muuzaji wa dirishani ananiita "dada" siku hizi.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijanywa tangu tarehe thelathini na moja. Siku kumi na moja. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningekuwa nakunywa.

Rula hakuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja, chumba cha juu, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua, watu sita ndani, miwani ya meneja inashika ukungu kila mara. Alikuwapo mwakilishi wa wafanyakazi, karani wa kuandika, Rula, Chiriku kwenye kiti karibu na mlango, na mimi niliyeitwa kama shahidi. Chiriku alivaa gauni lake zuri la bluu, lile alilovaa siku binti yake alipohitimu. Alikuwa amebana mkoba magotini kwa mikono miwili.

Meneja akasoma. Rula akaeleza. Alieleza vizuri, bila hasira, kila kitu kwa saa na dakika. Kama nisingekuwa najua, ningemwamini.

"Una la kusema?" meneja akamuuliza Chiriku.

"Nililaza niliyopewa," Chiriku akasema. Hicho tu. Yeye anayeweza kusimulia safari ya kwenda dukani kwa nusu saa.

Meneja akanigeukia. "Wewe fundi, ulimwona akibadilisha karatasi?"

"Sikumwona."

"Kwa hiyo huwezi kuthibitisha kwamba hakubadilisha."

Nikajua mlango ulikuwa unafungwa. Maneno hayo mawili yalikuwa yanatosha: sikumwona. Ningekaa kimya hapo ningekuwa sijasema uongo wowote. Nilimtazama Rula, naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto mbele ya wageni.

"Haijalishi nani aliitoa," nikasema. Sauti yangu niliisikia inatoka mbali. "Kabla sijawasha mashine ni lazima niilinganishe na hati ya oda. Imeandikwa ukutani juu ya kichwa changu. Ningeilinganisha, hata angeilaza ya mavazi ya harusi, nisingekata. Sikuilinganisha."

"Kwa nini?" akauliza meneja.

Hapo ndipo Rula alipokuwa ameogopa kufika. Nikamwelewa, na bado sikumsamehe.

"Nilikuwa nimelewa," nikasema.

Karani aliacha kuandika. Meneja akavua miwani.

"Nakunywa kazini. Zaidi ya mwaka. Mwezi uliopita nusura nimkate huyu kidole. Siku ile ya suruali nilikunywa nusu kichupa stoo, saa ya chakula. Natafuta msaada, lakini siku ile nilikuwa nimekunywa."

Mwakilishi wa wafanyakazi akaniuliza polepole, "Kuna mwingine unayejua alikuwa katika hali kama hiyo?"

 Mvua ilikuwa inagonga kioo. Sikumtazama Rula lakini nilisikia kiti chake.

"Mimi naongea yangu," nikasema.

Walituambia tungoje kwenye korido. Rula alitoka wa mwisho. Alisimama kitambo, mikono mgongoni, akashuka ngazi.

Uamuzi: Chiriku arudi kesho, bila doa kwenye faili. Mimi nimeondolewa kwenye mashine kabisa. Nitakuwa chumba cha kumalizia, kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono, kwa mkasi mdogo, chini ya uangalizi miezi sita. Harufu mara moja tu, nimekwisha.

Nilidhani Chiriku angenikumbatia. Alinisubiri chini, karibu na mabomba ya kunawia.

"Siku kumi na moja," akasema. "Siku kumi na moja umeniacha nining'inie, fundi."

"Niliogopa."

"Na mimi je, nilikuwa nacheza?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Unadhani sikujua? Kila siku ukishika mashine nilikuwa narudisha mikono nyuma, naongea, naongea, ili nisikie kama unajibu sawasawa. Ukichelewa kujibu, nilikuwa najua. Mwaka mzima naongea kwa ajili ya vidole vyangu."

Akafungua mwavuli akaenda zake.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia mume wangu kila kitu. Alisikiliza, akatoka uani, akaanza kufungua nati za jokofu ambalo alikuwa ameshalimaliza.

Sikuona mwavuli nje ya chumba cha nyuma leo. Nilirudi mwenyewe kwa miguu, kupita lile dirisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku ya kumi na nane. Mkasi unanitoa malengelenge. Chumba cha kumalizia hakina dirisha.

Jumanne, 22 Aprili

Rula hakuja tena. Kiti cha pili kiko wazi. Kazini bado ni msimamizi, bado anapima chai. Mimi siko chini yake sasa, lakini mlango wetu unatazama ukumbi, na kila nikiinua kichwa namwona amesimama karibu na mashine yangu ya zamani. Nilimwonea huruma Machi. Sasa namchukia kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Nikila naichukia njaa yake, nikilala nauchukia usingizi wake.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesema hilo kikaoni, bila kumtaja: kwamba namchukia mtu. Kinyozi akasema, "Mchukie, lakini usimnywee." Imenikaa.

Jumatano, 30 Aprili

Siku thelathini. Mume wangu amenirudishia ufunguo wa nyumba, ameuweka kwenye meza bila maneno, kando ya sahani. Sikuwa na hakika kwamba ni yeye aliyeuchukua. Niliona tu umepotea mfukoni mwangu, nikanyamaza. Binti hanusi kikombe. Wala hanywi. Ananiachia chai yangu, na hilo nalo lina upweke wake.

Chiriku ananisalimia kama unavyomsalimia jirani wa mtaa wa pili.

Jumanne, 6 Mei

Mkunga amesafiri kwa binti yake anayejifungua. Ijumaa alitukabidhi mimi na Kinyozi kufungua chumba. Leo Kinyozi amepiga simu, barabara ya kwao imekatika kwa maji. Kwa hiyo nilikwenda peke yangu, nikapanga viti saba, nikakaa. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na robo. Mvua tu. Nikasema nitangoja mpaka nusu, kisha nifunge.

Mlango ukasukumwa. Rula.

Alikuwa ameloa mpaka ndani. Shati halikuchomekwa, sijawahi kumwona hivyo. Hakunyooka. Alitazama viti vitupu, akanitazama, akarudi hatua moja, akajua wa kumkaribisha ni mimi tu.

"Mkunga yuko wapi?"

"Hayupo. Niko mimi."

Akashika fremu ya mlango. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye mikono. Nilifikiria gauni la bluu la Chiriku. Nilifikiria malengelenge yangu. Nilikuwa na mambo ya kumwambia ambayo nilikuwa nimeyapanga wiki tatu, kwa mpangilio, mengine nimeyafanyia mazoezi huku nakata nyuzi.

"Unanichukia?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Kaa."

Hakukaa mara moja. Halafu akaja, akavuta kiti, si kile cha dirishani, cha karibu zaidi, akakaa ameweka viganja juu ya magoti vikitetemeka vyote viwili. Nilitoka nikaenda kwa mlinzi, nikaomba maji na sukari, nikakoroga, nikamletea. Alikunywa kwa mikono miwili, meno yanagonga kikombe.

Kisha akaanza kuongea. Aliongea mpaka saa kumi na mbili na nusu, na sikumkatiza.

Aliyoyasema siyaandiki.